Chini ya Tope Kuna Nini

Jumatatu, 3 Machi

Matairi yamekwisha. Yote manne. Fundi tairi wa njia panda, yule wanayemwita Presha, aliinama leo asubuhi, akapitisha kidole gumba kwenye la mbele kushoto, akaniita nione. Kipara. Waya zimeanza kuchungulia. "Dada fundi," akasema, "hili si tairi tena. Hili ni kandambili."

Mvua zimebakiza wiki mbili. Labda tatu, zikituhurumia.

Jioni nikaliweka jambo mezani. Mama, mimi, na mdogo wangu. Mdogo wangu mtaani wanamwita Kifaru na jina limemkaa. Akishaelekea upande, shingo haigeuki. Pikapu aliiacha baba, si ya mmoja wetu. Mimi naitumia kwenda kutengeneza pampu za visima upande wa magharibi, ng'ambo ya bonde la udongo mweusi. Yeye anabebea mawe ya ujenzi kutoka machimboni, upande wa mashariki, ng'ambo ya mto mkavu, na mto ule ni mchanga mtupu. Siku tatu zangu, siku tatu zake, Jumapili gari linalala. Ila matairi ni seti moja. Hatuwezi kuvua na kuvaa kama viatu.

Nikasema: membamba. Yeye akasema: mapana, kama haya haya. Tulisema kwa pamoja, Mama akacheka. Kisha akatutazama na hakucheka tena.

"Gari la mzigo halivai magurudumu ya baiskeli," Kifaru akasema, akainuka na kikombe chake.

Nimeshindwa kukaa. Nimepanga spana mara mbili. Zilikuwa zimepangika.

Jumanne, 4 Machi

Kwa Presha tena. Nilikwenda kuuliza swali moja, nikakaa asubuhi nzima. Mtu huyu kama hana mteja anaongea, na kama ana mteja anaongea zaidi. Lakini kazi yake anaijua.

Alichukua tairi pana, mia mbili sitini na tano, na jembamba, mia mbili thelathini na tano. Yaani upana wake kwa milimita. Urefu wa kusimama ni uleule, rimu zetu zinakubali yote mawili. Tofauti ni vidole viwili hivi vya upana. Vidole viwili! Na nyumba nzima hailali.

Akafunga moja moja kwenye gari, akalipaka oili chafu, akatandika katoni chini, akashusha jeki. Akainua. Alama mbili kwenye katoni mbili. Ya tairi pana ilikuwa fupi na nene, kama mkate. Ya jembamba ilikuwa ndefu, kama ndala.

"Ukubwa karibu sawa," akasema. "Gari ni lilelile, upepo ni uleule. Kinachobadilika ni umbo. Pana linataka kukaa juu. Jembamba linataka kukata liende chini."

"Kwa hiyo kwenye tope—"

"Kwenye tope inategemea. Chini ya tope kuna nini, dada fundi? Kama kuna sakafu, jembamba litaifikia, litashika, utapita. Kama hakuna, litaendelea kukata mpaka gari likalie tumbo. Hapo hata pana halikusaidii sana, ila utazama polepole. Utapata muda wa kupiga simu."

Akacheka peke yake. Mimi nilikuwa nafikiria.

Nimepita bonde lile miaka tisa. Najua kila kona, najua ng'ombe wa nani wanalala wapi. Sijui chini kuna nini. Sikuwahi kuuliza.

Alhamisi, 6 Machi

Leo tumeongea kama watu, angalau mwanzo. Kifaru alirudi na vumbi la mawe hadi kwenye kope. Akanawa, akakaa, akasema hoja zake, na lazima niwe mkweli hapa kwa sababu hapa hakuna anayenisikia: hoja zake ni nzuri. Mto mkavu una mita mia moja na hamsini za mchanga laini. Gari likiwa na mawe, tairi jembamba linaingia kama kisu kwenye siagi. Yeye anavuka mara nne kwa siku. Mimi navuka bonde mara mbili kwa wiki, na kwa miezi minane ya mwaka bonde ni kavu, hata baiskeli inapita.

"Dada, hesabu mwenyewe," akasema. "Siku ngapi za mchanga, siku ngapi za tope?"

Nimehesabu. Anashinda.

Mama akasema fahali wawili hawakai zizi moja. Nikamwambia mimi si fahali, Mama. Akasema, "Wewe ndiye mbaya zaidi, maana una pembe za ndani."

Lakini hakuna aliyetaja Aprili ya mwaka jana. Tulizunguka na hoja zetu kama watu wanaozunguka shimo sebuleni, kila mtu anajua lipo, anainua mguu, anapita.

Sijawahi kuiandika. Niiandike basi.

Pampu ya kisima cha shule, ng'ambo ya bonde, ilikatika fimbo. Fimbo ni ile ya chuma inayoshuka ndani ya bomba hadi chini kwenye maji. Ikikatika, unasukuma mpini hadi utoke jasho, hutoi hata tone. Nilikuwa na fimbo mpya. Nilikuwa na mabomba, na ile miguu mitatu ya chuma ya kuinulia, na mnyororo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku mzima. Mkono wangu ulikuwa na jeraha lililoshonwa, kwa hiyo Kifaru aliendesha. Matairi haya haya mapana, mapya. Baba aliyanunua miezi miwili kabla hajafariki kwa sababu Kifaru aliyapenda.

Katikati ya bonde gari likaanza kuogelea. Kifaru akasema nitapita. Akakanyaga. Matairi yakajaa udongo mpaka hayakuwa na meno tena, yakawa madonge manne yanayozunguka. Akakanyaga tena. Sikumwambia asimame. Nami nilitaka kufika. Nilikuwa na fimbo mpya mapajani nimeishika kama mtoto, na shule tuliiona, bati lake lilikuwa linang'aa kule mbele.

Tulikwama siku mbili. Siku ya pili nilikwenda kwa miguu kuwaambia watu wa kule wachemshe maji ya dimbwi. Kuni zote zilikuwa zimelowa. Walikuwa wameshayanywa.

Walilazwa watu kumi na saba. Mjukuu wa Mwenyekiti wa kamati ya maji, mtoto wa kike, miaka minne, hakurudi.

Mwenyekiti hajawahi kunilaumu. Kila nikifika ananikaribisha chai. Kifaru hakwenda msibani, na tangu siku ile hajakanyaga upande wa magharibi.

Basi. Nimeiandika.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefumua pampu ya mkono iliyokaa stoo tangu mwaka juzi, nikaifunga tena. Haikuwa na ugonjwa wowote. Mama anasema nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kesho nakwenda bondeni. Nimechukua sururu, koleo, nondo ya mita moja.

Jumamosi, 8 Machi

Nimerudi na malengelenge. Niandike kabla mikono haijakakamaa.

Bonde limekauka kabisa. Udongo umepasuka vipande vipande, nyufa zinameza mguu. Na pale, mahali penyewe, alama zetu zipo. Mwaka mzima. Jua limezikausha zikawa kama zimemwagiwa saruji. Mifereji miwili mipana, na kati yake pamelala bapa pale tumbo la gari lilipokalia. Hata alama ya kiatu changu ipo, nilipokuwa nasukuma.

Nilisimama kidogo. Kisha nikaanza kuchimba ndani ya mfereji wa kushoto.

Sururu ilidunda mara kumi za kwanza. Kisha ikaanza kuingia. Nikachimba kidogo tu, kiganja hakijatimia, sururu ikalia. Chuma kwenye jiwe. Nikafagia kwa mkono. Changarawe. Nyekundu, ngumu, imeshikana kama barabara. Nikagonga nondo, ikarudi. Nikahama hatua tano, nikachimba. Ipo. Hatua tano nyingine. Ipo.

Nikarudi kwenye mfereji wetu, nikapima pale matairi yalipoishia. Vidole vinne. Tulibakiza vidole vinne kufika kwenye sakafu. Tulikuwa tunaelea juu yake siku mbili nzima.

Sikusikia Mwenyekiti akija. Alikuwa ameona gari kutoka shambani kwake. Ni mama wa miaka sitini hivi, mrefu, anatembea na jembe begani kama wengine wanavyobeba mkoba. Akanisalimu, nikamwamkia, akaangalia mashimo yangu.

"Fundi, unatafuta nini huku?"

"Natafuta mahali pagumu, mama. Pa kukanyaga tairi."

"Umepapata?"

"Nimepapata."

"Mbali?"

Nikamwonyesha kwa vidole. Vinne.

Akaweka jembe chini. Akapiga magoti pembeni ya shimo, taratibu, kama mtu wa magoti mabovu, akaingiza mkono, akagusa zile changarawe. Akakaa hivyo. Nilitaka aseme neno lolote. Anitukane, ingekuwa nafuu. Alipoinuka alikung'uta mkono kwenye kanga, akasema, "Basi mwaka huu njoo."

Akaongeza kwamba mpini wa pampu umeanza kuwa mzito, na unalia. Nikasema nitakuja kuikagua kabla ya mvua. Akaniuliza mdogo wangu hajambo. Nikasema hajambo.

Jumapili, 9 Machi

Nilipanga kumwambia Kifaru leo. Asubuhi alikuwa amelala. Mchana walikuja rafiki zake. Jioni alikuwa anacheka na Mama juu ya picha moja ya baba amevaa suruali pana miguuni. Sijamsikia akicheka hivyo muda mrefu. Nikanyamaza.

Visingizio, najua.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefunga membamba.

Sikumwambia mtu. Nilipeleka gari kwa Presha saa mbili, zamu ni yangu. Akauliza, "Na Kifaru?" Nikasema nitamwambia. Akaniangalia na kijiti chake cha meno kikahama kutoka upande huu wa mdomo hadi ule. "Mimi nauza tairi," akasema. "Sisuluhishi ndoa wala ukoo." Akafunga.

Gari limesimama kama limepungua mwili. Usukani umekuwa mwepesi, linakwenda moja kwa moja, halivutwi na mashimo. Nilizunguka mitaa mitatu bila sababu. Nilifurahi. Ilikuwa furaha ya mtu aliyekula kitu jikoni akiwa amesimama.

Nimeliegesha nyuma ya nyumba. Kwa kawaida naegesha mbele.

Jumanne, 11 Machi

Ameyaona. Alitoka na mswaki mdomoni, akaenda nyuma, akalizunguka gari mzunguko mmoja mzima. Nilikuwa dirishani. Hakupiga teke, hakutukana. Alichuchumaa kwenye tairi la nyuma, akaweka kiganja, kama anapima upana. Akatema povu. Akaingia ndani, akanipita mlangoni.

"Nilitaka kukuambia—"

"Umeniambia," akasema.

Mama alisubiri hadi Kifaru alipoondoka. Mama akikasirika anapunguza sauti, unalazimika kumsogelea ili ugombezwe. Akasema, "Huenda una haki, sijui mambo ya matairi. Lakini haki yako umeichukua kama mwizi anavyochukua kuku. Sasa kula kwa raha."

Sijala.

Jumatano, 12 Machi

Hakuna anayesema. Vijiko tu.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimemwambia.

Nilimkuta uani, anapaka grisi viungo vya mbele vya gari. Hata akiwa na hasira analitunza, hilo siwezi kumnyima. Nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Nilichimba pale," nikasema.

"Pale wapi?"

"Unajua pale wapi."

Mkono ukasimama. Kisha ukaendelea kupaka, taratibu sana, mahali palepale palipokwisha kupakwa.

"Kuna changarawe chini," nikasema. "Njia nzima. Tulibakiza vidole vinne."

Jirani akafungulia maji, akafunga.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu Jumamosi, nimelikariri. Kwamba baba ndiye aliyenunua. Kwamba mvua haikuitwa na mtu. Kwamba nilikuwa kiti cha pembeni, nina mdomo, sikusema simama. Yote kweli kabisa. Lakini nilichelewa. Pumzi mbili hivi. Nilikuwa natafuta nianze na lipi, na pumzi mbili zikamtosha. Akaweka kopo la grisi chini, akafuta kidole kimoja kimoja kwa kitambaa.

"Mimi nilijua ni mimi, dada," akasema. "Hukuwa na haja ya kuchimba."

Akatoka nje ya geti. Nikabaki juu ya ndoo na majibu yangu matatu.

Jumamosi, 15 Machi

Hakulala nyumbani. Alimtumia Mama ujumbe yuko kwa rafiki. Mimi hakunitumia.

Niliandika ujumbe mara sita. Wa mwisho ulisema: Sikusema simama. Nikautuma. Alama zinaonyesha ameusoma.

Jumapili, 16 Machi

Mawingu upande wa magharibi. Hayajaiva. Joto la kubandika nguo mgongoni. Amerudi, amekula, ameosha sahani yake mwenyewe. Akamuuliza Mama ninaondoka saa ngapi kesho. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, hata mkono ungefika.

"Muulize," Mama akasema.

Hakuniuliza.

Jumatatu, 17 Machi

Nilitakiwa kwenda shuleni kukagua ule mpini unaolia. Nimeitwa kwanza kwenye pampu ya zahanati, huku huku karibu, imekwama kabisa. Siku nzima. Vali imekula mchanga. Nikajiambia shule ni kesho kutwa. Kesho gari ni la Kifaru.

Imedondoka mvua ya manyunyu saa kumi. Haikulowesha hata kamba ya nguo.

Jumanne, 18 Machi

Zamu yake. Alikwenda machimboni na yale matairi membamba, safari mbili badala ya nne, kila safari nusu mzigo. Presha aliniambia, maana Kifaru alipita kwake kuongeza upepo. Kuongeza! Mchanga unataka upepo mchache, kila mtu anajua. Presha alimweleza. Akamjibu, "Weka nilichosema."

Nilitaka kwenda kumkamata shati. Nikaenda kunoa msumeno.

Jumatano, 19 Machi

Naandika ndani ya gari. Saa tano na robo asubuhi. Daftari hili la vipimo huwa linakaa kwenye mfuko wa vyombo, na mfuko nilikuja nao mgongoni. Mwandiko ni wa kuku.

Leo ingekuwa zamu yangu. Aliiomba kwa Mama, si kwangu, eti mjenzi anasubiri mawe. Aliondoka alfajiri. Saa mbili Presha akanipigia. Kifaru amezama katikati ya mto mkavu, mzigo umejaa, amempigia kuomba mbao. "Amesema nisikuambie," Presha akasema, "kwa hiyo sikuambii. Nipo hapa nje na pikipiki."

Tukaja watu wawili, koleo moja, kipima upepo, mbao mbili nimezikumbatia kama maiti.

Nilimkuta amekaa kwenye boneti. Matairi ya nyuma yamezama hadi kwenye rimu, mchanga umegusa ekseli. Nyuma mawe yamejaa kupita ukuta wa bodi. Hakuwahi kubeba vile hata na mapana. Nikaelewa. Alikuja kuyashinda matairi. Au yamshinde yeye, sijui, labda alitaka yamtendee hivi mbele ya watu.

"Haya," akasema. "Sema."

"Sina la kusema. Shusha upepo."

Tulishusha hadi kumi na nane, yote manne. Alama ya tairi ikarefuka kwenye mchanga, nikaiona inavyojinyoosha. Presha akachimba mbele ya magurudumu, tukaweka mbao, Kifaru akaweka injini isukume magurudumu yote manne, gia ndogo kabisa. Gari likapanda. Likaenda mita mbili, tatu. Nikapumua. Likashuka tena, polepole, mbao moja ikapasuka.

"Mzigo," Presha akasema.

"Mawe hayashuki," Kifaru akasema.

"Kifaru, ndugu yangu, gari limebeba nyumba ya mtu."

"Nimeyapakia mwenyewe, moja moja, tangu saa kumi na moja. Hayashuki hapa. Nitavuka nayo."

Alisema nitavuka kwa sauti ileile ya kule bondeni. Nilijua yeye pia ameisikia, maana aligeuka akatazama pembeni.

Presha akaondoka na pikipiki kuleta mbao nyingine na watu wawili. Anasema itamchukua saa moja. Tukabaki sisi. Kifaru alichimba, mimi nikachimba upande wa pili, gari katikati yetu. Mchanga unarudi ulipotoka. Jua kali huku, lakini magharibi kumekuwa kweusi, ukuta mzima, na chini yake mistari ya kijivu. Kule inanyesha.

Kisha simu. Mwenyekiti.

Anaongea kwa utulivu kila siku, leo alikuwa anahema. Fimbo imekatika jana jioni. Wamesukuma mpini hadi usiku. Wamebakiwa na mapipa mawili, wamesema ni ya wagonjwa na watoto tu. Mvua imeanza huko sasa hivi, bonde bado linapitika, lakini kufika jioni yeye hana uhakika. Na dimbwi limeanza kujaa. Amemweka mtu pale asimame, azuie.

Nikasema, "Nakuja."

Akasema, "Haya, fundi," akakata.

Kifaru alikuwa ameacha kuchimba. Alikuwa amesimama na koleo, nyuma ya gari, naona kichwa na mabega tu.

"Nani?"

"Mwenyekiti."

"Ni shule?"

"Ni shule."

"Ileile?"

"Ileile. Fimbo imekatika."

Nilijua la kusema, lakini safari hii niliogopa kulisema vibaya kuliko kuchelewa. Nikamwambia tu nitakaa kwenye usukani, Presha akifika tujaribu tena. Nikaingia humu. Nikatoa daftari kwa sababu mikono ilikuwa inatafuta kitu cha kushika.

Fimbo mpya iko nyumbani, stoo, nyuma ya mlango. Mabomba yapo. Kutoka hapa hadi nyumbani dakika arobaini. Kupakia, nusu saa. Kujaza upepo. Kutoka nyumbani hadi bondeni, saa moja na nusu kama barabara haijalowa. Tukitoka mchangani kabla ya saa sita—

Gari limetikisika.

Nimeangalia kwenye kioo. Amepanda juu ya mzigo. Ameinua jiwe, amelitupa mchangani. Limeanguka bila mlio. Amerudi kuinama.

La pili. La tatu. Hatupi kwa hasira. Analibeba hadi ukingoni, analiachia, anarudi. Shati amelivua.

La sita.

Presha hajarudi. Mawingu yamesogea. Nyuma ya gari inaanza kuinuka, nahisi kwenye kiti, kidogo kidogo.

Amegonga paa kwa kiganja. "Dada," anasema, "nikimaliza, usukani niachie mimi hadi bondeni. Pale bondeni utaniambia wewe nisimame wapi."

Amelishika lile kubwa, amelikumbatia kwa mikono miwili, halitoki. Naenda upande wa pili nilishike naye.